Mabaki ya kitenge cha harusi yatatosha gauni la mtoto wa miaka mitatu?

Msomaji wangu wa Morogoro ameandika hivi:

"Shikamoo mama. Nilishonewa kitenge cha sare kwa harusi ya wifi yangu, fundi akanirudishia mabaki kwenye mfuko. Kipo kipande kimoja cha upana wote wa kitambaa, sentimita 114, urefu 45. Kingine ni kama 40 kwa 32, pembe moja imeliwa na mkasi. Viwili vilivyobaki ni pembetatu, ubavu mrefu sentimita 50 hivi. Nilitaka gauni la mikono mifupi kwa binti yangu wa miaka mitatu, fundi akasema hakitoshi. Kifua cha mtoto ni 54, kutoka begani mpaka gotini 54. Ninayo cherehani ya miguu aliyoniachia marehemu mama, inapiga mshono wa kunyooka tu, nami najua kushona foronya na mapazia basi. Nithubutu? Naogopa kukata."

Marahaba mwanangu. Kwanza mshukuru huyo fundi. Mabaki ni mali ya mwenye kitambaa, na si kila fundi anayekumbuka kuyarudisha. Wala hakukosea alipokwambia hakitoshi. Kwa gauni la mikono ulilomtajia, kweli hakitoshi. Tatizo ni kwamba ulikwenda na gauni kichwani ukalitafutia kitambaa. Kwenye mabaki tunakwenda kinyume: unavitandaza vipande sakafuni, unaviangalia vilivyo, halafu unauliza vinaweza kuwa nini. Nimechora vipimo vyako kwenye karatasi, na vipande ulivyonavyo vinakupa gauni zuri kabisa: halina mikono, mbele kitenge, sketi ya marinda, na mgongo wa kitambaa kingine. Mgongo huo nitakwambia unatoka wapi.

Kabla ya mkasi, maji. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na bado hakijarudi, yaani hakijanywea kwa maji. Ukikishona hivyo, kitarudia mwilini mwa mtoto baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Vipande vyote viloweke, vifue kwa sabuni ya kawaida, vianike kivulini, vipige pasi vikiwa na unyevu kidogo. Ukiona maji yametoka na rangi, rudia mpaka yawe meupe. Halafu fanya jaribio hili: lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kiweke juu ya kitenge, bonyeza pasi ya moto kwa muda mfupi. Kitambaa cheupe kikitoka na doa la rangi, kitenge bado kinachuja, nawe tunakokwenda utakiunganisha na nguo nyeupe.

Jaribio la pili ni la moto, na lifanye mtoto akiwa mbali. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibano, ziwashe juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, hubaki jivu laini. Ikiwa uzi unajikunja, unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta au mchanganyiko wenye poliesta nyingi. Siku hizi vitenge vya namna hiyo vimejaa sokoni, vinang'aa na bei yake ni ndogo. Kwa mtoto anayezunguka karibu na jiko la mkaa mimi sipendi nguo inayoyeyukia ngozini. Na kwenye joto haimpi raha. Kama chako ni cha namna hiyo, kifanye mfuko au foronya, gauni la mtoto lisubiri.

Sasa mgongo. Tafuta shati la zamani la baba yake, jeupe au la rangi moja inayopatana na kitenge, la pamba. Mashati huisha kwenye kola na viwiko, ilhali kifuani kitambaa bado kizima. Linyanyue dhidi ya dirisha: panapopenya mwanga kupita sehemu nyingine, pameshachakaa, usipatumie. Ninalitaka shati kwa sababu ya kile kipande cha mbele chenye vifungo. Cherehani yako haitengenezi matundu ya vifungo, na kuyafanya kwa mkono vizuri kunataka mazoezi. Kwenye shati matundu yapo, vifungo vipo, na vimeshonwa na mashine ya kiwandani. Tutakigeuza kifua cha shati kiwe mgongo wa gauni, vifungo vishuke kwenye uti wa mgongo wa mtoto.

Na lazima gauni lifunguke mahali. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu kina mzunguko wa sentimita 49 hivi, na shingo nitakayokupa ina kama 32. Nilipokuwa najifunza nilimshonea mtoto wa jirani gauni la Idi, nikapima kifua, kiuno, mabega, kila kitu isipokuwa kichwa. Asubuhi ya sikukuu gauni likakwama masikioni, mtoto akalia, mama yake akanitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo tepu yangu huanzia kichwani. Mpime wako.

Chukua karatasi kubwa, ya kaki ya madukani au ya kufungia zawadi. Gazeti hapana, wino wake utahamia kwenye shati jeupe. Ikunje katikati, mkunjo ndio katikati ya kifua. Hesabu ya upana ni hii: kifua 54, ongeza 8 ili mtoto apumue, akimbie na akue kidogo, unapata 62. Gawanya kwa nne, unapata 15.5. Ongeza 1.5 ya mshono wa ubavuni, unapata 17. Kwa hiyo kutoka kwenye mkunjo mpaka ubavuni ni sentimita 17. Urefu wa kiwiliwili fanya 23, ongeza 1.5 juu ya bega na 1.5 kiunoni, jumla 26.

Kwenye ukingo wa juu, kutoka mkunjo, pima 6 uweke alama: hapo shingo inakutana na bega. Endelea mpaka 12.5, kisha shuka 2: huo ndio mwisho wa bega. Unganisha alama hizo mbili, una mteremko wa bega. Kwenye mkunjo shuka 7, chora mviringo wa shingo ya mbele. Kwa kwapa, shuka 15 kutoka juu kwenye mstari wa ubavu, weka alama. Toka mwisho wa bega ushuke karibu wima, halafu pinda taratibu uifikie alama hiyo. Ukiona mchoro wa kwapa lako una kona, ni makosa. Unatakiwa uwe kama mpini wa kikombe. Shingoni na kwapani usiongeze nafasi ya mshono, kwa sababu tutazifunga kwa utepe. Karatasi ya mgongo ni ile ile, ila shingo inashuka 2 badala ya 7.

Kata karatasi, ifungue, kisha iweke juu ya gauni lolote linalomtosha mtoto sasa. Zisipokaribiana, amini gauni na urudie kupima. Woga wako wa kukata utakwisha hapa. Karatasi ukiikosea unachukua nyingine.

Sasa tandaza kile kipande cha 40 kwa 32. Karatasi yako ikifunguliwa ni 34 kwa 26, kwa hiyo inaingia, na unayo nafasi ya kuisogeza. Hiyo pembe iliyoliwa na mkasi, nadhani ni mahali fundi alipochonga kwapa lako mwenyewe. Igeuze karatasi mpaka kwapa la mtoto liangukie pale pale. Mara nyingi upungufu wa kipande huingia kwenye upungufu wa mwili, na hapo ndipo utamu wa mabaki ulipo. Lakini usiigeuze karatasi ikalala kishazari, yaani ikainama upande kwenye nyuzi za kitambaa. Vuta kitambaa kwa mikono miwili: upande usiovutika ndio uzi wa urefu, sambamba na ule ukingo wa kiwandani wenye maandishi, nao ndio usimame kutoka bega kuelekea kiuno. Kifua kilichokatwa kishazari kitajinyonga baada ya kufuliwa, ushonaji wako uwe mzuri namna gani.

Angalia na maua. Vitenge vingi vina maua makubwa au ndege. Ua moja zima likae katikati ya kifua, au yote yapite bila moja kuwa katikati. Ua lililokatwa nusu shingoni linasumbua jicho. Ndege wasisimame kichwa chini. Kwenye sketi, chunguza juu ni wapi kabla hujatia marinda. (Ingekuwa khanga, ningekwambia upange sketi ili jina lipite pindoni, lisomeke. Hilo tuliache kwa siku utakapobakiwa na khanga.)

Kukata mgongo: funga vifungo vyote vya shati, lilaze mezani lisiwe na mkunjo hata mmoja. Weka karatasi ya mgongo iliyofunguliwa, mstari wake wa katikati ukalie safu ya vifungo. Isogeze juu au chini mpaka kifungo cha kwanza kiwe sentimita 2 chini ya shingo, na cha mwisho kisikaribie kiuno kwa chini ya 3. Kwenye shati la kawaida utapata vitatu. Bana pini, kata tabaka la mbele tu, mgongo wa shati utoe pembeni kwanza. Halafu kule kiunoni, vile viungo viwili vya vifungo vikiwa vimelaliana, pitisha mshono wa kulala sentimita moja kutoka chini ili visiachane. Kuanzia hapo mgongo ni kipande kimoja chenye mlango.

Pembetatu zako mbili zisikusikitishe, nilizihitaji. Kata humo tepe za kishazari zenye upana wa sentimita 3.5. Kishazari ni ile nyuzi 45, katikati ya uzi wa urefu na uzi wa upana. Mahali hapo kitambaa huvutika, ndiyo maana utepe wake hupinda kwenye shingo bila kukunjamana. Unahitaji tatu: wa shingo wenye urefu wa kama 36, na wa makwapa mawili, 34 kila mmoja. Zikitoka fupi, unganisha. Kingo hizo za kitenge zikizunguka mpaka kwenye mgongo mweupe ndizo zitakazofanya pande mbili zionekane zimekusudiwa kuwa pamoja.

Kabla ya kushona, hiyo cherehani ya mama. Kama ilikaa muda mrefu, futa vumbi, hasa chini ya meno yanayosukuma kitambaa, hapo nyuzi za zamani hujikusanya zikagandamana. Tia matone ya mafuta ya cherehani kwenye matundu yake. Mafuta ya kula usithubutu, yanaganda. Izungushe bila uzi dakika chache, kisha shona kwenye tambara mpaka mafuta yaache kutokea kwenye mshono. Weka sindano mpya namba 14. Gurudumu la juu lizunguke kuja kwako. Likirudi nyuma uzi utakatika, na mwanzoni miguu itakudanganya. Jizoeze kwa kitambaa kitupu mpaka miguu izoee. Anayeshona foronya tayari anajua kwenda sawa, kwa hiyo hapo sina wasiwasi nawe.

Shona kwa mpangilio huu, maana ukiuvuruga utajikuta unashona ndani ya mikono midogo isiyopitisha hata kiganja. Anza na mabega. Huna mashine ya ovaloki, kwa hiyo kila mshono ushone mara mbili: weka pande za ndani zikitazamana, yaani upande wa maua uwe nje, shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazochungulia, geuza, piga pasi, shona tena sentimita moja. Kingo zote zimefungiwa humo ndani, hazitatatuka, na ndani pamekuwa safi kama nje. Hizo ndizo zile 1.5 tulizoongeza.

Halafu shingo. Laza utepe juu ya ukingo, nje kwa nje, shona sentimita 0.8 kutoka pembeni, ukiuvuta utepe kidogo sana mahali palipopinda. Geuzia ndani, kunja ukingo wake, bana pini, malizia kwa mkono kwa mishono midogo. Ncha mbili zinazofika kwenye vifungo zikunjie ndani kwanza. Mishono ya mkono hapa ina faida: shingo ya mtoto ni laini, mshono mgumu wa mashine unamkwaruza. Makwapa nayo yafunge hivyo hivyo gauni likiwa bado limelala wazi mezani, na baada ya hapo tu ndipo ushone ubavu, mara mbili kama mabega.

Sketi ni kile kipande kikubwa. Kingo za kiwandani zikutane ziwe mshono mmoja wa nyuma; zenyewe hazitatatuki, kwa hiyo shona mara moja, sentimita 1.5, maandishi yafichwe ndani. Zichanje vidogo kwa ncha ya mkasi kila sentimita tano, la sivyo zitauvuta mshono ujikunje.

Kwa marinda, badili mshono uwe mrefu uwezavyo, piga mistari miwili kuzunguka juu, mmoja nusu sentimita kutoka ukingoni na mwingine sentimita moja, na acha nyuzi ndefu mwanzoni na mwishoni. Gawa sketi robo nne kwa pini, gawa na kiuno robo nne, bana robo kwa robo. Ndipo uvute nyuzi za chini za mistari yote miwili pamoja, taratibu, kutoka pande zote mbili. Sentimita 111 zitaingia kwenye 62, marinda yasiyobana wala kupwaya. Yasambaze kwa kucha, usiyaache yajazane mahali pamoja. Ukiruka kugawa robo, marinda yote yatakimbilia mgongoni, na utafumua. Shona kiuno 1.5 ukiwa na marinda juu ili uyaone yanavyoingia chini ya mguu wa cherehani. Ukingo huo wa ndani ni mnene, nao hukaa tumboni. Ufunge kwa ukanda wa shati wa upana wa sentimita 4. Usiruke hatua hii. Mtoto anayekwaruzwa hawezi kukueleza, atakachofanya ni kulikataa gauni.

Urefu sasa. Umenipa 54 begani mpaka gotini. Kiwiliwili kimekula 23, sketi inabaki 31. Kitambaa chako ni 45, toa 1.5 ya kiunoni, unabakiwa na 12.5 zaidi ya unachohitaji. Usizikate. Kunja sentimita 4 ziwe mkunjo wa kuzunguka sketi, sentimita 2 zikilala juu ya 2, karibu na pindo, ushone kwa mshono mrefu. Kwa nje utaonekana pambo. Zilizobaki 8.5 ziwe pindo, 1 ya kukunjia na 7.5 ya pindo lenyewe, kwa mkono. Mtoto wa umri huo huongezeka urefu wa takriban sentimita 7 kwa mwaka. Mwakani utafumua mkunjo, baadaye utashusha pindo. Palipokuwa pamekunjwa patabaki na mstari wenye rangi mpya kuliko kwingine. Pitishia juu yake utepe wa shati, na uhifadhi kipande cha shati kwa kazi hiyo.

Mambo matatu ya mtoto mwenyewe. Kamba za kufungia shingoni usiweke hata kama umeziona zinapendeza, hunasa mlangoni na kwenye bembea. Vifungo vya shati vikazie upya kimoja kimoja kwa uzi maradufu, kwa sababu kilicholegea huishia mdomoni. Na pini: zihesabu kabla hujaanza na uzihesabu unapomaliza, kila siku, kisha kagua gauni lote kwa kiganja kabla hajalivaa.

Mvalishe kwanza kabla ya kushona pindo. Mwambie ainue mikono, achuchumae, akimbie mpaka mlangoni arudi. Kwapa likimbana, chonga nusu sentimita tu chini yake, ufunge tena. Bega likimdondoka, lipunguze kwenye mshono wa bega wala usiguse shingo. Na kama karatasi yako ya mgongo inakataa kukaa sawa na vifungo vya shati, niandikie umbali kutoka kifungo hadi kifungo, tuupange upya kabla hujakata.